Jina Gift kwa Kijerumani ni sumu, ni kweli?

DadaTabata:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anaitwa Gift, mwakani anaenda Ujerumani kusomea unesi so saivi anapiga kozi ya lugha hapa mjini. Jana karudi kanuna, mwalimu kawaambia gift kwa Kijerumani ni sumu, wenzie wote sasa wanamwita Sumu. Mama alimpa hilo jina kwa moyo wote maana alimsubiri sana yule mtoto. Ni kweli jamani? Na imekuaje Waingereza waite zawadi halafu majirani zao waite sumu? Abadilishe kabla ya pasipoti?

MzeeWaPosta:
Ni kweli dada, mwalimu yuko sahihi. Ila ni neno lile lile, asili yake ni kutoa, give kwa Kiingereza na geben kwa Kijerumani, na zamani Wajerumani nao Gift kwao ilikuwa kitu kilichotolewa. Mpaka leo wana Mitgift, yani mali binti anayopewa na wazazi wake akiolewa.

Sasa sumu iliingiaje, hapa ndo patamu. Wagiriki walikuwa na neno dosis, maana yake kutoa, matabibu wakalitumia kwa kile kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa, likaingia Kilatini, Wajerumani wakalifuata kwa neno lao la kutoa, na taratibu kile "kinachotolewa" kikabaki kuwa kinachoua tu. Ni kusitiri maneno, kama sisi tunavyosema fulani "katiliwa kitu kwenye chai", hakuna aliyetaja sumu na wote mmeelewa. Na hiyo dosis ndo dozi yetu hii hii ya hospitali.

KigamboniFeri:
Mimi nimeishi Sweden, huko gift ni sumu na pia ni mtu aliye kwenye ndoa, kwenye fomu za serikali unalikuta. Denmark na Norway vile vile. Ya ndoa nayo inatoka kwenye kutoa, binti alikuwa anatolewa na baba yake, kama kwetu anavyoozwa. Hata Kiingereza cha kale gift ilikuwa mali anayolipiwa mke, hii ya zawadi waliichukua kwa Waskandinavia waliohamia Uingereza enzi za Waviking. Waholanzi wametenganisha, gift ni mchango au zawadi, sumu ni gif.

Binti_wa_Ilala:
Wafaransa nao sumu wanaita poison, imetoka kwenye Kilatini potio, kinywaji tu cha kawaida. Naona kila mtu alikwepa kuitaja yenyewe.

Dada jina asibadilishe tafadhali. Wajerumani Kiingereza wanasoma shuleni, wanajua Gift ni zawadi, na kazini wataanza na Frau halafu jina la ukoo. Vyeti vya shule vikipishana na pasipoti ndo usumbufu wenyewe, hapo atahangaika mpaka achoke.

DadaTabata:
Asanteni sana, nimemsomea yote na ile ya Mitgift kaiandika kwenye daftari anataka akamwambie mwalimu. Anauliza Sweden wanatamka kama sisi?

KigamboniFeri:
Hapana, Sweden g yake hapo inakuwa y, wanasema "yift". Denmark ndo g inasikika.