Naomba ushauri: kumpanua mtoto baada ya upasuaji wa njia ya haja kubwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete. Mwanangu wa miezi 9 alizaliwa hana tundu ya haja kubwa. Keshafanyiwa upasuaji, ila choo bado kinatokea kwenye tundu waliyomfungulia tumboni. Tumeambiwa tumpanue ile tundu mpya ya haja kubwa, isije ikabana, kwa kuingiza kijiti cha chuma mara mbili kwa siku, tukiongeza unene wake hadi namba 14. Tuko namba 12. Nimejaribu jeli nyingi, kumnyonyesha kwanza, bibi yake kumwimbia. Akikiona tu kile kitambaa cha kazi hiyo anakaza miguu, analia, nami nalia naye.

Nasikia siku hizi baadhi ya madaktari hawampanui kila mtoto, hungoja mpaka paonekane panabana. Kliniki yetu Unguja ni wiki tatu mbele, na sitaki kuacha kwa kichwa changu.

Mliopitia haya, daktari aliwapunguzia? Na kubana mlikujuaje ilhali choo kinapita tumboni?