Tupeane uzoefu: kubadilisha foki ya shokapu kwa mpanda baiskeli mwenye kilo zaidi ya 100

Mwanzilishi wa mada, Arusha

Ndugu zangu wapanda baiskeli, nawasalimu. Nina kilo 118, na nikibeba mkoba wa maji, tyubu ya akiba na vifaa, mizani husoma 125. Naanza na tarakimu hizo kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka miwili nilihangaika na foki (ule uma wa mbele unaoshika gurudumu) pasipo kumtajia muuzaji wala fundi uzito wangu, nao hawakuniuliza.

Baiskeli yangu ni ya magurudumu ya inchi 29, na niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ilikuja na foki ya springi ya chuma, yenye nguzo (mirija miwili inayoteleza ndani ya miguu ya foki) nyembamba za milimita 28, inayodidimia milimita 100. Nilipokuwa nimeikalia tu, kabla hata ya kuondoka, ilikuwa imekwisha kula karibu nusu ya urefu huo. Kwenye njia za msitu wa Olmotonyi, kila mzizi mnene ulitoa mlio wa “ko!” uliopanda kutoka kwenye foki hadi viwikoni, na viganja vilikuwa vikiniwaka kabla sijarudi Ngaramtoni. Fundi mmoja alinishauri nikaze kizungushio cha plastiki kilichoko juu ya mguu wa kushoto. Nilikikaza hadi mwisho, baiskeli ikanyanyuka kidogo upande wa mbele, lakini mlio ukabaki vilevile.

Nilichelewa kuelewa sababu, na ndiyo iliyonifanya nianzishe mada hii. Kizungushio kile huibana springi kabla hujaikalia baiskeli. Hakiifanyi kuwa springi ngumu zaidi. Ugumu wa springi umo katika unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika ukizungusha plastiki. Wapo watengenezaji wanaouza springi ngumu zaidi za kuingia katika foki zilezile, na anayeipata atatumia fedha kidogo sana kuliko nilizotumia mimi. Nilitafuta Arusha nikaikosa, hivyo nikaamua kununua foki ya upepo, inayotumia hewa iliyobanwa badala ya springi.

Nilipata iliyotumika, yenye nguzo za milimita 32 na ekseli ya milimita 15. Tofauti ya nguzo hizo niliihisi siku ya kwanza nilipofunga breki ghafla kwenye mteremko: foki ya zamani ilikuwa ikijipinda kuelekea nyuma, gurudumu likitikisika kama jino bovu, ilhali hii ilishuka wima na kusimama. Jambo ambalo sikulihesabu ni habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu langu lilikuwa na ekseli nyembamba ya kufungwa kwa mkono, nikalazimika kununua habu nyingine na kusuka gurudumu upya, na gharama hiyo ilikaribia nusu ya bei ya foki yenyewe.

Kuhusu upepo, stika iliyobandikwa kwenye mguu wa foki ilikuwa na jedwali la uzito na psi (kipimo cha msukumo wa hewa), lakini jedwali lenyewe liliishia kwenye kilo 100. Nilianza na psi 110, nikaongeza tano tano. Kwenye nguzo kuna kipete cha mpira. Nilikisukuma hadi chini kwenye sili (mpira unaozuia vumbi pale nguzo inapoingia mguuni), nikapanda taratibu nikiwa nimevaa mkoba wangu wote huku rafiki ameshika usukani, nikashuka bila kutikisa, kisha nikapima kwa rula umbali kutoka sili hadi kilipo kipete. Nilitaka milimita 20, yaani sehemu ya tano ya milimita 100. Kwa psi 110 nilipata 31, kwa 125 nilipata 25, na kwa 135 nikapata 20 kamili. Kabla ya kupita hapo, soma kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye foki yako, kwa maana kila foki ina chake.

Naomba nanyi mtueleze mlipitia nini, hasa wenye uzito mkubwa.

Mchangiaji wa pili, fundi, Moshi

Asante mkuu kwa kufungua mada. Mimi ni fundi, na kilo zangu 82 hazinipi haki ya kuzungumza kama mpanda mzito, lakini foki za watu wazito zimepita mikononi mwangu nyingi.

Kasoro ninayoiona mara nyingi kuliko zote katika foki za kununua zikiwa zimetumika ni bomba la usukani, yaani lile bomba linalopita ndani ya shingo ya fremu. Mwenye foki wa kwanza alilikata kulingana na fremu yake, na akishalikata halirudi. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea foki nzuri ya upepo ambayo bomba lake lilikuwa na milimita 170. Shingo ya fremu yake ilikuwa na milimita 130, vikombe vya beringi vya juu na chini jumla 25, na kishikio cha usukani 40. Alihitaji 195. Akaniomba niliunge kwa kulichomea. Nilikataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu bomba hilo mara nyingi ni la aluminiamu, na aluminiamu ikichomewa hupoteza ugumu pale pale panapobeba uzito wote wa mpanda anaposhuka kilima. Likikatika, usukani unabaki mikononi na gurudumu linakwenda peke yake. Sijui mtu wa kilo 60 angetoka vipi katika anguko hilo, seuze wa kilo 110.

Jambo la pili ni umbo la bomba hilo. Zipo foki zenye bomba la inchi 1 na 1/8 kuanzia juu hadi chini, na zipo zinazopanuka chini hadi inchi 1 na nusu. Iliyonyooka unaweza kuifunga kwenye fremu ya shingo pana kwa kutumia pete ya kupunguzia. Iliyopanuka haiingii kabisa kwenye fremu ya shingo nyembamba ya zamani, hata umtafute fundi hodari kiasi gani.

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Habari zenu. Mimi ni mama wa kilo 103, na napanda Karura kila Jumamosi, na Ngong mara moja kwa mwezi nikipata wa kuandamana naye. Kaka wa Arusha ameeleza vizuri habari ya upepo, lakini amesahau jambo lililonisumbua mimi zaidi. Nilipoongeza upepo hadi ukanitosha, foki ilianza kunirusha. Ilishuka vizuri kwenye jiwe, kisha ikarudi juu kwa nguvu, na gurudumu likawa linaacha ardhi. Nilidhani nimezidisha upepo nikaupunguza, tatizo la kugonga chini, yaani foki kufika mwisho wa kudidimia, likarudi. Nilizunguka katika duara hilo wiki kadhaa.

Dawa yake ilikuwa kizungushio chekundu kilicho chini ya mguu wa kulia, ambacho hupunguza kasi ya foki kurudi juu. Mtu mzito hujaza upepo mwingi, na upepo mwingi husukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo anahitaji kuipunguza kasi hiyo zaidi kuliko mtu mwepesi. Mimi nilikigeuza kubofya kwa kubofya, nikishuka kila mara kwenye ngazi ileile ya mawe matatu, hadi gurudumu likaacha kuruka. Ikiwa foki haina kizungushio hicho, mpanda mzito aifikirie mara mbili kabla hajailipia.

Vilevile, jamani, tuzitunze. Kampuni ya foki ya RockShox huelekeza mguu wa chini ufunguliwe, usafishwe na kutiwa oili mpya kila baada ya saa 50 za kupanda. Yangu niliifungua baada ya misimu miwili ya mvua. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria, na kwenye nguzo ya kushoto kulikuwa na mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha. Nguzo iliyokwaruzika hivyo hukata sili mpya kila uwekapo. Uzito wetu huzisukuma nguzo dhidi ya bushi za ndani (pete ambamo nguzo huteleza) kwa nguvu zaidi, na tope likiingia hapo linakuwa msasa.

Mchangiaji wa nne, Muscat

Assalaam alaykum. Nina kilo 109. Huku kwetu ni mawe na joto, na joto lina hesabu yake. Nilikuwa najaza foki sebuleni penye kiyoyozi, nyuzi 20, psi 120. Nikitoka nje adhuhuri, nyuzi 45, hewa ileile iliyofungiwa ndani hupanda hadi karibu psi 131, na foki ikawa ngumu kama gogo. Sasa huiacha baiskeli kivulini nje kwa nusu saa ndipo niipime.

Kuhusu pampu: tumieni ile ndogo ya shokapu, msitumie ya matairi. Na mkiifungua baada ya kujaza, msishtushwe na ule mlio wa “psss”, kwa kuwa ni hewa ya kwenye mpira wa pampu inayotoka. Mkiirudisha kupima, kipimo kitasoma pungufu kwa sababu foki imeujaza tena mpira huo. Mimi nilijaza na kuongeza mara nne usiku mmoja nikiamini kuwa foki inavuja.

Mchangiaji wa tano, Lushoto

Wanangu, nimewasoma wote. Nina miaka 61 na kilo 114, na baiskeli yangu hubeba mizigo pia. Mimi niliondoa shokapu kabisa. Foki yangu ya springi ilikuwa na kilo 2 na nusu za chuma, imelegea bushi, na kila nikipanda kwenda Irente ilinywa nguvu zangu kwa kuchezacheza. Niliweka foki ngumu ya chuma cha kromoli, nikahakikisha urefu wake kutoka ekseli hadi taji (pale juu miguu inapoungana) ni karibu sawa na wa ile ya zamani ikiwa imekaliwa, ili fremu isilale mbele. Mbele nimeweka tairi pana ya inchi 2.4 yenye upepo wa wastani. Viganja vinachoka kwenye mteremko mrefu, sikatai, lakini breki hazinidanganyi na sina sili ya kununua.

Mchangiaji wa sita, Mbeya

Shikamoo mzee, na wengine nawasalimu. Nina kilo 104. Nimepewa bei nzuri ya foki ya upepo inayodidimia milimita 140. Fremu yangu ilikuja na ya 100. Nimeambiwa kuwa mtu mzito anahitaji foki ndefu zaidi ili isigonge chini. Je, ni kweli?

Mchangiaji wa pili, fundi, Moshi

Ndugu wa Mbeya, si kweli. Foki isiyo na upepo wa kutosha itagonga chini hata ikiwa ya milimita 200. Kila milimita 20 unazoongeza hulaza shingo ya fremu nyuma kwa takriban digrii moja, kwa hiyo 40 ni digrii mbili: usukani utapanda, gurudumu la mbele litakwepa njia unapopanda kilima, na foki ndefu itaikamua shingo ya fremu kama wenzo. Fremu ya 100 iliyobeba kilo 104 nisingeithubutisha hivyo. Itafute ya 100, au 120 ikiwa mtengenezaji wa fremu anairuhusu, na ukipata yenye nguzo za milimita 34 au 35 usiiache. Angalia pia kiwango cha juu cha diski ya breki kinachokubaliwa na foki, kwa sababu kwa uzito wako diski ya milimita 180 mbele inakufaa kuliko ya 160. Kabla hujatoa fedha, pima shingo ya fremu yako na umwombe muuzaji akupigie picha ya bomba la usukani likiwa pembeni mwa rula.

Mchangiaji wa sita, Mbeya

Nashukuru sana, mkuu. Nimepima jioni hii: shingo ya fremu ni milimita 125, na imenyooka, haipanuki chini. Muuzaji ametuma picha. Bomba la foki ile limepanuka chini, kwa hiyo nimeiacha. Nimempa kilo zangu na vipimo vyote, na amesema atanitafutia nyingine.