Tupeane uzoefu: baiskeli inayotunza mgongo, yenye egemeo au isiyo nalo

Mwanzisha mada, Naliendele (Mtwara)

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nawasalimu nyote. Naomba tupeane uzoefu kuhusu kuchagua baiskeli kwa mtu ambaye kiuno chake hakikubali tena kukaa vyovyote vile. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina urefu wa sentimita 172, na safari yangu ya kawaida ni kutoka Naliendele kwenda mjini na kurudi, njia ambayo sehemu kubwa ni lami, ila kipande cha kuingia nyumbani ni mchanga. Ninatumia ile baiskeli ndefu ya chuma yenye gurudumu la inchi 28, ambayo wengi wetu tulibebwa kwenye keria yake tukiwa wadogo. Daktari amenipima na kuniruhusu niendelee kuendesha, lakini amenitaka nitafute mkao usionikunja mgongo.

Nimeona picha za baiskeli zenye kiti cha kuegemea, na kabla sijatoa kiinua mgongo changu kwa ajili ya mgongo wenyewe, ningependa kuwasikia waliokwisha kuzitumia, au waliotafuta nafuu kwa njia nyingine. Tafadhali mtaje barabara mnayopita, mzigo mnaobeba na mahali hasa palipokuwa pakiuma, kwa sababu kusema tu kwamba baiskeli fulani ni nzuri hakumsaidii mnunuzi.

Fundi baiskeli, Masasi

Shikamoo Mwalimu. Wateja wengi wanaoniletea malalamiko ya kiuno huomba niwabadilishie kiti, lakini nikiwapandisha juu ya baiskeli na kuwatazama kwa nyuma wakikanyaga, mara nyingi naona kasoro iko kwenye vipimo. Kiti kikizidi kimo, nyonga hushuka kulia na kushoto kila pedeli inapofika chini, na misuli ya kiuno hufanya kazi ya kuzirudisha safari nzima. Kiti kikiwa chini mno, goti ndilo linaloumia, na mtu hujikunja bila kujua.

Namna ninayopima ni hii. Mteja anakaa juu ya kiti huku ameshika ukuta, anaweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Akirudisha sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, juu ya pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi, na hapo ndipo pa kukaza nati. Kisha naweka pima maji juu ya kiti. Ncha ya mbele ikiwa imeinuka, nyonga hulala nyuma na kiuno hupinda. Ikiwa imeinama sana, mtu huteleza mbele na uzito wote huishia mikononi na mabegani. Usukani nao kwa mtu mwenye shida yako uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, na viwiko visinyooke kabisa. Onyo moja: bomba la kiti na la usukani yana alama iliyochongwa kuonyesha mwisho wa kuyapandisha. Ukiivuka alama hiyo ili upate kimo, bomba linaweza kukatika au kuchomoka ukiwa katikati ya mteremko.

Kuhusu egemeo, nina msimamo. Mguu unaposukuma chini, kama katika baiskeli zetu, kinachoupinga msukumo huo ni uzito wa mwili wako, wala mgongo hauna cha kuegemea. Pedeli zikiwa mbele, msukumo unarudi nyuma, na hapo egemeo linafanya kazi kweli, maana ndilo linalokuzuia usiteleze kutoka kitini. Kwa hiyo anayenunua egemeo atazame kwanza pedeli ziko wapi.

Muuguzi, Lindi Mjini

Nashukuru Fundi kwa maelezo hayo, kwa sababu yananieleza jambo lililotokea nyumbani kwetu. Mume wangu alimpelekea fundi wa kuchomelea kiti changu cha baiskeli ili kiongezewe egemeo la nondo mbili, ubao mdogo na sponji juu yake. Lilipendeza kulitazama. Barabarani, kila nilipokanyaga kwa nguvu kiwiliwili kilisogea mbele chenyewe, na lile egemeo lilinigusa pale tu baiskeli iliporuka shimo, tena lilinigonga juu kidogo ya makalio, mahali palepale nilipokuwa nikilinda. Tuliliondoa, na zile nondo sasa ni vyuma vya dirisha la banda la kuku.

Kilichonisaidia ni baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile yenye fremu iliyoshuka katikati, ambayo mtu aliyevaa gauni na khanga anaipanda kwa kupitisha mguu mbele bila kuurusha juu ya keria. Kwa mwenye kiuno kibovu faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kuurusha mguu juu na kujisokota wakati wa kupanda na kushuka ndiko kulikokuwa kukinishtua misuli. Usukani wake umerudi nyuma kuelekea tumboni, kwa hiyo naukamata bila kuinama.

Hata hivyo naomba niseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kukaa wima kabisa kuna gharama yake, kwa kuwa kila mtikisiko wa barabara unapanda moja kwa moja kwenye pingili za uti wa mgongo. Kwenye lami sisikii kitu, lakini kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi nilikuwa nafika kazini nimechoka kiuno, hadi nilipoinamisha mwili mbele kidogo ili mikono nayo ibebe sehemu ya uzito, na nikaacha kuzijaza tairi upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe. Tairi pana yenye upepo wa wastani humeza mtikisiko mwingi kuliko sponji ya kiti.

Kwa upande wa kiti, mtu asichague kwa kukibonyeza kidole gumba. Akalie kipande cha boksi la karatasi kilichowekwa juu ya benchi gumu, ainame kidogo kama anavyoendesha, kisha apime umbali kati ya mashimo mawili yatakayoachwa na mifupa ya makalio. Upana wa kiti uuzidi umbali huo kwa sentimita kama 2. Wanawake wengi mifupa yao iko mbali zaidi kuliko ya wanaume, na ndiyo sababu kiti cha mume humtesa mke. Ukipata ganzi sehemu za siri, kiti hicho hakikufai, hata kiwe laini namna gani. Na maumivu yanayoshuka hadi kwenye mguu, au mguu unaopoteza nguvu, hayo ni ya kupelekwa hospitali kwanza.

Mkulima wa korosho, Newala

Salaam alaikum. Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde mtu hununua baiskeli kwa ajili ya gunia, mgongo unafuata baadaye. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, kiuno changu huumia zaidi katika kulipandisha gunia kwenye keria na kusukuma mlimani kuliko katika kuendesha. Nafuu niliyoipata ni kuongeza chuma za pembeni ili mzigo ugawanyike na ushuke chini karibu na ekseli, badala ya kurundikwa nyuma ya mgongo wangu, ambako kila baiskeli ilipoyumba nilikuwa nairudisha kwa kiuno. Hizo baiskeli za kulala, yaani zenye kiti cha kuegemea, siwezi kuzisemea, ila ningependa kumwona mwenye nayo akipandisha kutoka bonde la Ruvuma hadi Newala na gunia la korosho. Nitamwagia maji mwenyewe akifika.

Mfanyabiashara, Mikindani

Mzee wa Newala, gunia sikulipandisha, lakini baiskeli ya kuegemea ninayo. Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, ina magurudumu mawili, pedeli ziko mbele karibu sawa na kimo cha kiti, na kiti chenyewe ni cha wavu uliotandazwa kwenye fremu ya aluminiamu, kinashika kuanzia makalio hadi kwenye mabega. Sina maumivu ya mikono, sina ganzi, na kiuno changu, kilichokuwa kikinisumbua tangu enzi za kubeba mizigo bandarini, kinafika Mtwara mjini kikiwa kimepumzika. Wavu nao una maana katika joto la pwani yetu, kwani jirani yangu aliwahi kujaribu kiti kama hicho cha sponji na shati lake lililowa mgongo mzima kabla hajamaliza kilima cha kutokea Mikindani.

Wakati wa kusi, pale upepo unapokukabili uso kwa uso ukielekea Mtwara, mimi huwa napita watu ambao siku za kawaida wananipita, kwa sababu mwili ulioegemea unatoa eneo dogo la kupigwa na upepo. Jambo hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa juu ya baiskeli ya kuegemea iliyobuniwa na Charles Mochet, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuivuka rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli liliamua kwamba chombo hicho kisihesabiwe katika mashindano. Viwanda vikafuata palipo na mashindano na wateja, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo inayofanya usizione madukani mpaka leo.

Sasa upungufu wake, Mwalimu, na ninaomba uupime vizuri kwa sababu umetaja mchanga. Kwenye baiskeli ya kawaida unaweza kusimama juu ya pedeli ukapandisha kilima kwa uzito wako, lakini juu ya hii huwezi, hivyo inabidi kushusha gia mapema na kukanyaga kwa haraka na wepesi. Katika mchanga wa kina gurudumu la mbele, ambalo ni dogo, huzama na kukata kona lenyewe. Njia ya kwenda Msimbati nimeiacha kabisa. Halafu uko chini, macho yako hayalingani na ya dereva wa lori, na huwezi kugeuza mwili kutazama nyuma kwa urahisi. Nimefunga kioo upande wa kulia na kibendera cha rangi ya machungwa kwenye fimbo ndefu, na watoto wa Mikindani wameshaniita majina yote wanayoyajua.

Kipimo cha baiskeli hii kiko kwenye bomba la mbele linaloshika pedeli, ambalo husogezwa kulingana na urefu wa mguu. Kaa, egemea hadi makalio yagote nyuma, nyoosha mguu na kisigino kiifikie pedeli ya mbali. Anayelisogeza mbali mno hujikuta anauvuta mgongo utoke kwenye egemeo, na hapo fedha imekwenda bure.

Mfanyakazi wa ofisi, Nachingwea

Mimi nasimulia kwa niaba ya baba yangu, ambaye baada ya kupata kiharusi aliweza kutembea tena lakini hakuweza kumudu mizani ya magurudumu mawili. Fundi wa mtaani alimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, mbele moja na nyuma mawili, na kwa kiti alichukua kiti cha plastiki cha kawaida, akakata miguu yake, akakipigia bolti juu ya sahani ya chuma na kukifunga mkanda wa begi. Pedeli aliziweka mbele, chini kidogo ya kimo cha kiti, na upande wa mguu dhaifu aliongeza kikombe cha ngozi cha kuushika unyayo usiteleze.

Baba anakwenda nayo msikitini na sokoni. Kushuka na kupanda ni kama kukaa kwenye kiti cha barazani, na akisimama hahitaji kuweka mguu chini. Kuna mambo mawili ambayo tungeyaangalia kabla ya kuagiza. La kwanza ni upana, kwa sababu ilibidi tubomoe nguzo ya geti ili ipite. La pili ni kona: baiskeli ya magurudumu matatu hailali upande inapokata kona, hivyo ukikata kwa mwendo gurudumu la ndani huinuka. Kiti kikiwekwa chini hatari hiyo hupungua, ila kuinuka kitini huwa kazi kwa mzee. Tulichagua kimo cha goti lake, na mwendo ni wa taratibu.

Mwanzisha mada, Naliendele

Nawashukuru sana, hasa Dada wa Lindi, kwa kunipunguzia safari ya kwa fundi wa kuchomelea. Kutokana na ule mchanga wa kwangu, naelekea kuacha ile ya kulala ya magurudumu mawili. Fundi, nikitaka kutengenezewa ya magurudumu matatu, vipuri vyake vinapatikana huku kwetu? Na ikiwa nitabaki na baiskeli yangu ya inchi 28, unaweza kuirekebisha, au nitafute fremu fupi?

Fundi baiskeli, Masasi

Mwalimu, kipuri kinachowasumbua watu ni cheni, maana kutoka pedeli za mbele hadi gurudumu la nyuma huunganishwa cheni mbili hadi tatu za kawaida. Zote ziwe za aina moja na zinunuliwe pamoja, kwa kuwa cheni mpya ikiungwa na iliyolegea hula meno ya sproketi mapema. Kila mahali cheni inapopita chini ya kiti pawe na bomba la plastiki la kuikinga na mchanga na kukinga suruali yako. Breki ziwe kwenye magurudumu mawili angalau, na tairi uchague za ukubwa unaouzwa madukani hapa, usije ukaagiza tairi kutoka Dar es Salaam kila inapopasuka.

Kwa urefu wako, hata hivyo, ningeanza na hiyo ya inchi 28 kabla ya kutumia fedha nyingi. Ukisimama huku umeipitisha katikati ya miguu, nyayo zote zikiwa chini, na bomba la juu lisikuguse, fremu inakufaa. Kitakachobaki ni kiti chenye springi za nyuma kilichopimwa kwa boksi, usukani uliorudi nyuma, na tairi pana kadiri uma utakavyoruhusu. Uniletee pia viatu unavyovaa ukiwa safarini, kwa sababu kiti kilichopimwa kwa kandambili hakitakuwa sawa ukivaa viatu vya soli nene.