Nimeuziwa wazo la kufuga tumbili, wenye uzoefu naomba mnishauri

Mzee wa Buhongwa
Wakuu habari za mda huu. Niko Buhongwa hapa Mwanza, kuna jamaa wa bodaboda ana mtoto wa tumbili, mdogo kabisa, anasema amemtoa upande wa Sengerema na mama yake hayupo. Anataka elfu hamsini. Shida wanangu wameshamuona na sasa nyumba haikaliki, asubuhi tumbili jioni tumbili. Mi mbwa nimefuga, njiwa nimefuga, uwanja upo na mwembe upo, naona kama sio jambo kubwa. Anakula nini huyu mnyama, alafu ni kweli kuna mambo ya kibali? Tusitukanane tafadhali.

Kijana wa Mwaloni
Elfu hamsini?? Mkuu ongeza kidogo uchukue mbuzi, yeye angalau hapandi juu ya kabati la vyombo 😂

Mama J
Kaka kwanza hilo la mama yake hayupo mbane vizuri huyo jamaa. Mtoto wa tumbili akiwa mdogo kutwa amejishikiza tumboni kwa mama yake, huwezi kumuokota tu njiani, mara nyingi mpaka mama auliwe ndio mtoto apatikane, na ukimlipa leo wiki ijayo anakuletea mwingine.

Baba mdogo alifuga mmoja Igoma, dume. Mwanzoni raha tupu, analala begani, anakula ugali na sisi, wageni wanakuja kupiga picha. Kufika miaka kama minne mitano hivi chonge zikatoka, we acha, na akili ikabadilika kabisa akaanza kupanga nani mkubwa nani mdogo humo ndani. Baba mdogo alikuwa anamuogopa ila sisi wanawake na watoto alituona tuko chini yake, anakupora chakula mkononi, ukigoma anauma. Wakamfunga mnyororo kiunoni kwenye mti, ikawa kazi yake ni kuzunguka ule mti tu hadi ardhi ikawa haina jani. Siku mnyororo ukakatika akamrarua mtoto wa jirani mkono, akashonwa nyuzi, hadi mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Na hawa wakifugwa wanaweza kuishi miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo wanao wataolewa na kuhama wakuachie wewe.

Nyikani
Mama J kamaliza. Mi naongezea la kibali. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 mnyama pori awe mzima awe amekufa anahesabika nyara ya serikali, ukikutwa naye bila kibali ni kesi, usije kusema mi nilinunua tu. Huyo wa bodaboda hana cha kukupa zaidi ya tumbili na matatizo.

Kingine magonjwa. Ile Marburg, mara ya kwanza kujulikana ilikuwa 1967, tumbili waliotolewa hapa jirani Uganda wakapelekwa maabara za Ujerumani na Yugoslavia, watu 31 wakaugua na 7 wakafa. Sisemi huyo wa Sengerema anayo, maana wabebaji wenyewe wa kirusi hicho ni popo, nasema miili yetu na yao imekaribiana mno, hata TB yako wewe anaweza kuipata. Na akikuuma osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, mambo ya kupaka mafuta ya taa achaneni nayo.

Dogo Bwiru
Mbona kisiwani Rubondo, huku Ziwa Victoria, walileta sokwe waliokuwa wamefungiwa Ulaya na wako poa hadi leo? Si akikua anamrudisha tu msituni

Nyikani
Dogo hiyo stori imalizie. Walikuwa sokwe 17, kati ya 1966 na 1969, ni kweli wamezaana. Ila madume mawili yalipigwa risasi kwa sababu yalikuwa yanavamia watu. Mnyama aliyelelewa na watu hana tena uoga na mtu, hapo ndipo hatari inapoanza. Alafu kile kisiwa hakikuwa na sokwe wengine wa kugombana nao. Huyu tumbili ukimwachia kwenye kundi la wenzake hawamtambui, watampiga, atarudi kwenye majumba maana ndiko anakokujua, ataingia jiko la mtu na kupigwa mawe.

Binti Nyegezi
Na wale kasuku wadogo wa kijani, uso wa chungwa mdomo mwekundu?

Nyikani
Dada hao pia ni wa porini, kwao ni hukuhuku kusini mwa ziwa hadi Serengeti. Miaka ya 80 walinaswa kwa wingi mno kupelekwa nje. Sheria ni ileile.

Mzee wa Buhongwa
Nimewaelewa, sinunui. Ila nikikataa si atamuuzia mwingine? Namuonea huruma yule mtoto.

Nyikani
Usimnunue kwa huruma mkuu, hiyo ndio biashara yao. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya au nenda ofisi ya TAWA, ile mamlaka ya serikali ya wanyamapori, waambie yuko wapi na uwape namba ya pikipiki kama unayo. Hao wanao wapeleke hifadhi ya kisiwa cha Saanane, boti kutoka Capri Point ni dakika chache tu, tumbili wako huru kule.

Mama J
Na msiende na ndizi mkononi.