Kikundi cha familia: Risala ya Prof wetu wa jiolojia (mwenyewe hayumo; kila mmoja anamwita kwa undugu wake: Baba Mkubwa, kaka, Mjomba, Baba)

*Dada Entebbe:* Shikamooni wazee, hamjambo wote. Sherehe ya kumuaga Baba Mkubwa ni Jumamosi na familia tumepewa nafasi ya kusoma risala. Idara yake chuoni wana orodha ya makala na vyeo vyake, hiyo watasoma wao. Sisi tuseme nini?

*Shangazi Kasese:* Marahaba mwanangu. Anza na tetemeko la Machi 20, 1966. Tulikuwa kambini Kilembe, baba yetu akifanya kazi mgodini. Vyombo vilianguka, sote tukatoka mbio. Kule Toro watu walikufa. Baada ya hapo kaka alimwuliza kila mtu mzima: ardhi imesukumwa na nini? Wengi walimwambia aende akacheze.

*Mzee Jinja:* Ni kweli. Na mawe yenye shaba yalikuwa yamejaa chini ya kitanda chetu. Mama anayatupa, yeye anayaokota.

*Kaka Hoima:* Shikamooni. Jibu la swali lile alikuja kutupa sisi wanafunzi wake. Tukiwa njiani kwenda Kasese, Mjomba alisimamisha basi akauliza kama Rwenzori ni volkano. Karibu wote tulisema ndiyo. Akasema Elgon ni volkano, Muhavura ni volkano, lakini Rwenzori ni pande la mwamba mkongwe lililoinuliwa juu huku Bonde la Ufa likididimia ubavuni mwake. Ndivyo kilele chake, Margherita, kilivyofika mita 5,109, na mipasuko ya ardhi iliyoliinua pande hilo ndiyo inayotutikisa hadi leo. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika kabla ya kuushika mwamba na kuutazama kwa lenzi.

*Dada Entebbe:* Hiyo naiandika kama ilivyo 🙏🏾

*Dada Mbale:* Msisahau Bududa, huku miteremko ya Elgon, tafadhali. Mlima ulipoporomoka Nametsi, Machi 1, 2010, Baba alikuja huku, na akaendelea kuja miaka iliyofuata. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafutia mkalimani wa Lumasaaba. Hakuwa anahutubia. Alipanda na wenye mashamba mpaka mteremkoni, juu ya migomba yao, akawaonyesha ufa uliopinda kama mwezi mchanga, miti iliyoanza kuinama, maji yanayobubujika mahali palipokuwa pakavu. Akawaeleza kwamba udongo huu umetokana na mawe ya volkano yaliyooza, una mfinyanzi mwingi. Mvua ikinyesha mfululizo unalewa maji na kuwa mzito, na chini tumeukata mteremko ili tujenge nyumba. Mkiona ufa na mvua haikatiki, ondokeni usiku huohuo.

*Dada Mbale:* Mzee mmoja alimwambia hawezi kuhama, makaburi ya wazazi wake yako pale. Baba hakubishana naye. Alikaa naye chini mpaka jioni, wakakubaliana angalau watoto walale ng'ambo msimu wa mvua.

*Shangazi Kasese:* Sikuwahi kusikia hili. Hao wa idara wameliandika?

*Dada Entebbe:* Wameandika "huduma kwa jamii", basi. Shangazi, nadhani hapo ndipo moyo wa risala yetu. Vyeo vingine nitavipitia haraka.

*Kaka Hoima:* Naunga mkono, ila niongeze chumba cha kukatia mawe. Ili mwamba usomeke kwa hadubini lazima usagwe hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye, madini yaonyeshe rangi zake. Mashine ilipokufa, Mjomba alisaga kwa mkono juu ya kioo, na unga wa kusagia, jioni baada ya vikao, naye wakati huo ni mkuu wa idara! Mawe yenyewe yalikuwa ya wanafunzi wa uzamili, hakutaka wachelewe. Mafuta yalipogunduliwa huku Bonde la Albert mwaka 2006 angeweza kuacha chuo. Alibaki. Tulio kwenye kazi ya mafuta Hoima na Buliisa leo, wengi tumepita mikononi mwake.

*Mzee Jinja:* Mungu amjalie afya. Zawadi je? Nilifikiria suti.

*Dada Mbale:* Baba Mdogo, suti anazo. Kinachomkosesha usingizi ni masanduku ya sampuli. Lebo zinafifia, na jiwe lisilojulikana lilitoka wapi halimsaidii mtafiti yeyote. Tumnunulie makabati, na vijana wakae naye waandike lebo upya angali anakumbuka kila kilima.

*Mzee Jinja:* Hilo ni bora kuliko suti. Mimi nalipia kabati moja.

*Kaka Hoima:* Nitaomba likizo, wiki ya kwanza ya lebo niko naye.

*Shangazi Kasese:* Nimetuma 100,000 kwa simu sasa hivi. Binti, risala isome kwa Kiswahili, polepole. Mkewe akae mbele, na yeye ametajwa?

*Dada Entebbe:* Bado, Shangazi. Naandika aya yake usiku huu, nitaituma hapa kabla ya kulala.