abort(), exit() au _Exit(): ipi itumike salio likiharibika?

kijana_wa_C
Wakuu, nina programu ya C inayosoma mauzo na kuandika salio jipya kwenye faili. Hesabu za ndani zikigongana nataka isimame hapohapo. Mwenzangu anasema exit(1) inatosha, mimi naelekea abort(). Nani yuko sahihi?

Mzee_wa_Pointa
Wewe, mdogo wangu. exit() huaga kwanza: huita fanksheni ulizosajili kwa atexit(), ya mwisho ikitangulia, humwaga bafa (data inayosubiri kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa) kwenye faili, hufuta faili za muda za tmpfile(). Kama salio limeshaharibika, hiyo bafa inayomwagwa ndiyo yenye uharibifu! abort() huipa programu SIGABRT, ishara ya kuiua hapohapo, na za atexit() haziguswi. Ila kilichokwisha kumwagwa kabla hakirudi, kwa hiyo andika kwenye faili la pembeni, kisha ulipe jina la faili halisi kwa rename() mwishoni.

dada_wa_seva
Na abort() inakuachia ushahidi. Kwenye Linux weka `ulimit -c unlimited`, upate faili la core (picha ya kumbukumbu ya programu ilipokufa), ufungue kwa gdb, kifaa cha kusaka makosa, uandike `bt` ikuorodheshee fanksheni zilizoitana: ukiwa umekompaili kwa -g, unaona mstari kamili ulioita. Shell ikikuonyesha 134, ni 128 jumlisha 6, namba ya SIGABRT. Niliwahi kukesha siku mbili kwa sababu mtu aliweka exit(1) kila mahali. Namba 1 haikwambii chochote.

kijana_wa_C
Nimejaribu nikielekeza matokeo kwenye faili, ujumbe wangu wa printf haumo.

Mzee_wa_Pointa
Ulibaki kwenye bafa. Kiwango cha C hakiahidi kwamba abort() itaimwaga, na glibc, maktaba ya C ya Linux, iliacha kufanya hivyo tangu toleo la 2.27. Ujumbe wa kufa uandike stderr, njia ya makosa isiyosubiri bafa.

Salma_kodi
Jamani, msimpe abort() ya kila kitu. Mtumiaji akikosea jina la faili, hilo si kosa la programu: mweleze, kisha exit(EXIT_FAILURE). Na kwenye pesa usitegemee assert(). Nayo huita abort(), lakini ukikompaili kwa -DNDEBUG inatoweka yote. Andika if yako mwenyewe.

kijana_wa_C
Na _Exit()?

dada_wa_seva
Ipo tangu C99. Haiiti atexit(), haitoi ishara, haiachi core. Mimi naitumia kwa mtoto wa fork(), yaani nakala ya programu, pale exec ya kumgeuza programu nyingine inaposhindwa, bafa ya mzazi isije ikaandikwa mara mbili. Kwako haina kazi.

kijana_wa_C
Asanteni sana. Ukaguzi wa salio unapata if na abort(), jina la faili linapata exit(EXIT_FAILURE). Usiku huu naibadilisha, kesho nawaletea bt.