Studio ya mchoraji wa enzi ya Victoria kwa kipimo cha 1:12: darini au sanduku la peke yake?

FundiKijiti
Wakuu, nina nyumba ya wanasesere ya 1:12 (sentimita 1 kwa kila 12 za kweli), na dari yake iko tupu. Nataka studio ya mchoraji wa London, tuseme miaka ya 1890. Nikiitumia dari, kuta na sakafu zipo tayari, ila mwinamo wa paa unakula nafasi na kimo kinaishia sentimita 20. Njia nyingine ni sanduku la chumba kimoja, wazi mbele, kimo sentimita 40. Nani ameshajaribu zote mbili?

Bi_Vidude
Sanduku. Wala usijiulize. Ukifika Leighton House pale Holland Park utaona chumba alichochorea Frederic Leighton: kiko ghorofani, kina dirisha kubwa mno upande wa kaskazini, na ukutani kuna mwanya mrefu wa kupitishia picha zisizopita mlangoni. Dirisha la mita 3.6 kwenda juu, kwako ni sentimita 30. Utaliweka wapi?

SeremalaMdogo
Dada, si kila mchoraji alikuwa Leighton. Mchoraji asiye na kitu ananoga zaidi: mbao tupu sakafuni, koti kwenye msumari. Dirisha likate kwenye paa. Plastiki angavu ya jalada la ripoti inatosha kwa kidirisha. Kwa dirisha kubwa tafuta akriliki ya milimita 2, haipindi, ila kuikata kunataka subira.

Mpakarangi_Tanga
Mnabishania kimo wakati suala ni mwanga. Ulaya jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini haliingizi miale. Mwanga hautofautiani sana asubuhi na jioni, na kivuli usoni mwa modeli, yaani mtu anayechorwa, hakihamihami. (Huku kwetu jua hubadili upande kwa msimu, kanuni hiyo haitufai.) Taa ya LED nyeupe, kama 5000K (kipimo cha rangi ya mwanga), ikae nje ya dirisha, nyuma ya karatasi ya kuokea. Ukiipachika juu ndani ya chumba, utapata duka la simu. Ya manjano ibaki kwa taa ya gesi ukutani. Sanduku lina mgongo wa kufichia waya na taa. Darini itabidi utoboe paa.

FundiKijiti
Basi sanduku. Vya ndani ninunue au nitengeneze?

Bi_Vidude
Stendi ya kuchorea nunua, hasa ukitaka ile kubwa ya kupandisha kwa kuzungusha mkono. Meno yake yatakutoa machozi. Vingine tengeneza. Tyubu za rangi ni foili iliyoviringishwa kwenye kijiti cha meno, urefu sentimita 1, chini umeibana kwa koleo. John Goffe Rand alizianzisha 1841, hivyo kwa miaka ya 1890 uko salama. Ungejenga chumba cha 1838 ungetakiwa kuweka vibofu vya nguruwe, maana ndivyo vilivyohifadhi rangi ya mafuta.

Mkazi_wa_Leicester
Picha za ukutani: nimeweka bega kwa bega karatasi ya picha inayong'aa na karatasi ya kawaida iliyogundishwa juu ya kitambaa chembamba cha pamba. Ya kwanza ina rangi kali, lakini LED ikiwaka huoni picha, unaona taa. Ya pili, ikipakwa vanishi kidogo, inadanganya hata kwa karibu. Kanvasi halisi usiiguse, nyuzi zake ni nene mno kwa kipimo hicho. Ukitaka Flaming June ya Leighton, ya 1895, ni mraba wa karibu sentimita 120. Kwako ni 10.

SeremalaMdogo
Iweke kwenye stendi, nusu yake ikiwa bado mistari ya penseli. Na jukwaa la modeli, kimo sentimita 3 hivi, jiko la makaa likiwa karibu. Modeli alikaa muda mrefu bila nguo, na London ni baridi.

FundiKijiti
Jiko nalo nilitie taa?

Mpakarangi_Tanga
LED nyekundu moja, chini ya makaa, tena uififishe. Isishindane na dirisha.